Kitanda cha Mtu Mmoja

Katika mtaa ule, kila kitanda kilichovunjika kilikuwa kimevunjwa na mtoto. Ndivyo walivyosema waliovileta. Fundi seremala alivipokea mlangoni mwa karakana, akavipindua miguu juu, na kabla hajauliza neno mwenye kitanda alikuwa ameshajieleza: "Mtoto alikuwa anarukaruka." Hata Mwalimu mstaafu, ambaye yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto, na nyumbani kwao hakukuwa na kiumbe wa kuruka isipokuwa paka, alileta kitanda kilichokatika chaga, zile mbao za kubebea godoro, katikati, akasema mtoto alirukaruka. Fundi akajibu, "Watoto wa siku hizi," akachukua msumeno, akaanza kazi.

Hakuwa mtu wa kucheka watu. Aliamini kwamba aibu ya mtu ni kama nguo yake ya ndani: ukiiona kwenye kamba, unapita. Lakini kujua, alijua. Kitanda kikishalazwa chali hakina siri. Wanaolala wamekumbatiana, chaga zao hubonyea katikati kama mgongo wa punda mzee. Wanaolala kila mtu na ukingo wake, chaga zao huliwa ncha tu, na katikati hubaki pamenyooka kama siku zilipopigwa randa.

Kitanda kimoja tu hakuwahi kukipindua, nacho ni cha kwake. Alikitengeneza mwenyewe kwa ajili ya harusi yake, wakati huo akiwa kijana mwenye haraka, na tendegu, yaani mguu wa kitanda, la upande wa ukutani lilianza kulia tangu wiki ya kwanza. Kinyozi hajinyoi. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakaondoka mmoja mmoja, tendegu likabaki linalia kila mtu akigeuka. Si kwamba siku hizi watu waligeuka sana. Fundi alilala kwenye ukingo wake, mkewe kwenye ukingo wake, na kati yao palikuwa na nafasi ya kumtosha mgeni na mizigo yake. Ndiyo maana hakukipindua. Hakutaka kuziona chaga za katikati.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, na futi yake ya kupimia ilikaa shingoni tangu asubuhi hadi jioni. Asubuhi moja, wiki chache baada ya kitinda mimba wao kuolewa na kuondoka na kitanda chake, mkewe alikuja karakana mikono mitupu. Hakuleta chai wala ujumbe.

"Hodi, Fundi."

"Karibu, mama watoto."

"Leo si mama watoto. Leo ni mteja. Nataka kitanda."

Fundi akacheka. Mkewe hakucheka.

"Kitanda gani?"

"Cha mtu mmoja. Kile chumba cha mtoto kiko wazi. Nimeshakipima, kitaingia vizuri chini ya dirisha."

"Cha nani hicho?"

"Cha mteja."

Fundi akaweka patasi chini. Alitaka kuuliza kwa nini, lakini neno hilo lilikuwa na kaka zake wengi nyuma, na akilifungulia mlango yeye wote wangeingia. Akauliza kitu kingine. "Kwani nakoroma?"

"Unakoroma," mkewe akasema baada ya kufikiri kidogo, kama mtu aliyeokota kisingizio barabarani na kuona kinamtosha. "Unakoroma sana."

Hilo Fundi hakuweza kulipinga, maana mkoromaji ndiye wa mwisho kupata habari. Akasema kile ambacho mafundi wote wa dunia husema wanapobanwa.

"Njoo keshokutwa."

Keshokutwa mbao zilikuwa na unyevu. Wiki iliyofuata gundi haikushika. Halafu msasa ukaisha, halafu randa ikataka kunolewa, halafu mtu wa vanishi akafiwa na shangazi. Fundi alikuwa amewahi kuwacheleweshea watu vitanda kwa uvivu, kwa usahaulifu na kwa kuchukua kazi nyingi, lakini kumchelewesha mteja kwa huzuni ilikuwa mara yake ya kwanza. Kila jioni, mezani, mkewe alimpakulia chakula na kusema, "Mteja anauliza."

"Mwambie mteja avute subira. Kazi nzuri haitaki haraka."

"Mteja anasema hata kitanda cha haraka atakipokea."

Fundi alitafuna polepole. Alijua siku atakapokikabidhi kitanda kile, ndoa yake itakuwa imehamia kwenye vyumba viwili, na kwamba kitu kikihama nyumbani kwa mlango wa mbele, akiwa yeye mwenyewe ndiye amekibeba upande mmoja, hakirudi.

Mwishowe mkewe alisema, "Sikiliza. Kama kazi imekushinda, nitakwenda kwa yule fundi wa ng'ambo ya soko."

Yule fundi wa ng'ambo ya soko alipiga misumari mahali pa kuchonga ulimi wa kuungia mbao. Asubuhi yake Fundi alifika karakana akiwa na hasira mbili, ya mume na ya fundi, na kwa hasira hizo akainamia ubao mzito ambao siku zote hunyanyuliwa na watu wawili. Ubao ulinyanyuka. Fundi hakunyanyuka. Kitu kilisema "ta" kiunoni, naye akabaki ameinama kama mtu anayetafuta sindano, hawezi kwenda mbele wala nyuma, hadi wenye maduka ya jirani walipomkuta. Walitafuta cha kumbebea. Kilichokuwa karibu ni fremu ya kitanda cha mtu mmoja, isiyo na miguu. Ndivyo kitanda kile kilivyoingia nyumbani kwa mara ya kwanza, na mwenyewe akiwa juu yake.

Mkewe alisimama barazani, futi shingoni, akawatazama.

"Nilisema nataka kitanda," akasema. "Sikusema na mtu wake."

*

Bi Mikono alikuwa mkandaji. Aliishi nyuma ya stesheni ya mabasi, kwenye chumba kimoja chenye mkeka mpana, jiko dogo la kupashia mafuta, na kalenda ukutani. Alikuwa mnene, mpole, na miguu yake ilijaa kandambili hadi ukingoni. Fundi aliijua vizuri miguu hiyo, kwa sababu alipolazwa kifudifudi juu ya mkeka ndiyo pekee aliyoweza kuiona. Hiyo, na miguu ya mkewe, ambayo ilikuwa imeelekea mlangoni.

"Nitasubiri nje," mkewe alisema.

"Nje kuna kuku," Bi Mikono akasema. "Mumeo yuko humu. Kaa."

"Mimi si mjuzi wa haya mambo."

"Ndiyo maana ukae. Mimi nina mikono miwili na mji huu una migongo mingi. Nakanda mara moja, halafu namfundisha wa nyumbani. Fundi, vua shati. Na fulana."

Fundi akavua akiwa amelala, kwa tabu, kama nyoka mzee anayejichuna. Kisha akasikia sauti ya Bi Mikono.

"Bibie, mbona unaitazama sana hiyo kalenda? Ni ya mwaka jana."

Miguu ya mkewe ikageuka.

"Sharti langu ni moja," Bi Mikono akaendelea. Mafuta ya moto yalimwagika kiunoni mwa Fundi, naye akazuia yowe. "Hapa hatukandi kimya. Mwili wa mtu aliyenyamaza ni kama unga mkavu, haukandiki. Mtaongea. Fundi, mara ya mwisho mgongo huu umeguswa lini?"

"Umeguswa na nani?"

"Na yeyote ambaye si ubao."

Fundi akafikiri. Aliona ni swali la kawaida tu, kama vile mtu kuulizwa mara ya mwisho alikula nini. Lakini jibu halikuja. Alirudi nyuma kichwani, akapita harusi ya huyu wa mwisho, akapita shule za watoto, akaendelea kurudi, na kila alipopita palikuwa pametulia kama karakana siku ya sikukuu.

"Siku ile nyuki aliponiuma," akasema hatimaye. "Mama watoto alinitoa mwiba."

"Watoto walikuwa wadogo," mkewe akasema taratibu.

"Haya," Bi Mikono akasema, wala hakushangaa wala hakulaumu. "Leta mkono, bibie."

Kiganja cha mkewe kikagusa bega la Fundi, kikaruka. Kikagusa ubavu, kikaruka.

"Unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Ndiyo, nimeona. Hii ni mikono ya kupima. Inagusa, inachukua namba, inakimbia. Mimi nataka mikono ya kukaa. Weka. Yote miwili. Sasa usiende popote."

Mikono ikakaa. Ilikuwa na baridi, na kidole kimoja kilikuwa na sugu ya sindano. Fundi aliutazama uzi wa mkeka uliokuwa mbele ya pua yake, akaukazia macho kama mtu anayesoma barua ya serikali.

"Sikia hapo, pamekaza. Bonyeza, lakini kwa kuomba, si kwa kudai. Na neno la mwisho: mahali pakishtuka, usipite. Simama hapo hapo, uliza. Mdomo unajua kudanganya. Mgongo hakuna aliyeufundisha."

*

Basi ikawa kila alasiri, mkewe akishafunika cherehani, wanaingia chumbani. Fundi analala kifudifudi juu ya kitanda cha harusi, mkewe anapiga magoti pembeni yake na chupa ya mafuta, na sharti la Bi Mikono linawasubiri: waongee.

Siku ya kwanza waliongea habari za paa. Siku ya pili waliongea habari za paa tena, maana lilivuja mahali pawili. Baadaye paa likaisha, wakaingia kwa watoto, wakamaliza watoto, wakaingia kwa wakwe. Fundi aligundua kwamba mtu aliyezika uso kwenye mto husema mambo ambayo asingeyasema mezani. Alisema kwamba mkwe wao mpya alimtisha kidogo. Mkewe akasema hata yeye alimtisha, kwa jinsi alivyokunja leso. Wakacheka, na alipocheka Fundi akapiga kelele kwa maumivu, na mkewe akasema, "Pole, pole baba, hapa?" na yeye akasema, "Hapo."

Tatizo lilikuwa tendegu. Kila mkewe alipobonyeza, lililia: nyii. Alipoachia, lililia: nyaa. Na Fundi mwenyewe hakuwa mgonjwa wa kimya. Alikuwa na kelele za kupanda na kelele za kushuka. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto, na upande wa pili wa ukuta aliishi jirani mmoja waliyemwita Redio, kwa kuwa habari ikimfika asubuhi, mchana imeshatangazwa mtaa mzima, na jioni inarudiwa kwa waliochelewa.

"Punguza sauti," mkewe alinong'ona. "Redio atasikia."

"Asikie nini? Nakandwa."

"Wewe unajua unakandwa. Yeye hana macho ya kupita ukutani, ana masikio tu."

Siku hiyo mgongo ulikuwa umelainika sana. Vidole vya mkewe vilikuwa vimepata joto, havikimbii tena, na vilikuwa vimefika chini kabisa ya kiuno, pale ubao ulipomwonea. Fundi akajisahau.

"Hapo! Hapo hapo! Usiache!"

Nyii, nyaa, nyii, nyaa, likasema tendegu.

"Polepole, mama watoto, polepole! Aaah!"

Na hapo, kutoka nje, karibu kabisa na dirisha, kikaja kikohozi.

"Kho! Kho-kho-kho-kho!"

Mgongo wa Fundi ukakauka. Haukukaza kidogo kidogo. Ulikauka wote kwa mara moja, kutoka shingoni hadi kiunoni, kama ubao. Mkewe alihisi jambo hilo viganjani kabla hajalielewa kichwani. Akasimamisha mikono.

"Nini?"

"Hakuna kitu. Tuishie hapa leo."

"Pameshtuka. Bi Mikono alisema pakishtuka nisipite."

"Ni Mama," Fundi akasema ndani ya mto.

"Nimemsikia kuwa ni Mama. Alisema atakuja kukujulia hali. Kwani Mama akikohoa, wewe unaumwa mgongo?"

Mikono haikuondoka. Nje mama yake akakohoa tena, kikohozi kirefu chenye mikia, na mgongo ukashtuka tena, na mikono ikawa pale pale, inauliza. Hakuna mwanamume aliyeumbwa kustahimili hali hiyo.

"Alikuwa akikohoa," Fundi akasema.

"Lini?"

"Zamani. Alipokuwa anaishi nasi. Chumba cha pili, na ule ukuta wa mbao nilioupiga mimi mwenyewe. Sisi tukianza tu... kitanda kikianza kulia, Mama anakohoa. Tukitulia, anatulia. Tukianza, anakohoa. Nikajua anatukanya. Sasa mtu utafanyaje? Mama yako mzazi anakukoholea! Kila nikikunyooshea mkono nasikia kikohozi hata kama hakijakoholewa. Hata alipohamia kwa dada, nilikuwa nakisikia."

Fundi alisubiri mkewe acheke, au alie, au aondoke.

"Kikohozi," mkewe akasema.

"Ndiyo."

"Yaani miaka yote hii ni kikohozi."

"Ndiyo, mama watoto."

"Na mimi nikajua ni tumbo!"

"Tumbo gani?"

"Tumbo langu, we baba! Baada ya huyu wa mwisho. Lilikataa kurudi, likajikunja kama kitambaa kilichokatwa vibaya. Nikasema ameliona, amekinai, hataki kuniambia. Nikaanza kuvua nguo gizani. Mimi, niliyepima viuno vya mji mzima, changu sijakizungushia futi tangu siku hizo!"

Fundi akageuza shingo mpaka ikauma. "Lakini mimi sijawahi kuliona hilo tumbo! Ulizima taa!"

Mkewe akampiga kofi la mgongo. Lilikuwa kofi la mafuta, lenye sauti kubwa, na Fundi akatoa yowe ambalo mtaa mzima ulilisikia. Nje kikohozi kikapanda hadi kikawa kama pikipiki inayokataa kuwaka. Halafu mlango wa mbele ukafunguliwa, ukafungwa kwa haraka, na mama yake Fundi akaingia chumbani akihema, mkoba kifuani.

"Endeleeni, wanangu, endeleeni," akasema, amewageuzia mgongo kwa heshima. "Nimewafunika."

"Umetufunika na nini, Mama?" mkewe akauliza, akivuta shuka.

"Yule jirani yenu! Amesimama ukutani na ndoo yake, shingo ndefu kama bata. Nafika mlangoni, nasikia nyumba inalia, namwona na yeye anasikia. Nikasema hapana, wanangu hawataaibika nikiwa hai. Nikakohoa. Kifua chenyewe sasa kimezeeka, lakini nilijitahidi."

Fundi alijiinua kwa viwiko. "Mama. Ulikohoa ili Redio asisikie?"

"Sasa ningekohoa kwa nini? Kifua changu ni kizima."

"Na zamani?"

"Zamani ipi?"

"Zamani, Mama! Chumba cha pili!"

Mama yake akageuka polepole. Alimtazama mwanawe, kifua wazi, mafuta yanamtiririka, na akaonekana kuona kwamba mtu huyu mzima anataka kweli kujua.

"Si nililala na wajukuu?" akasema. "Wale watoto wako hawakuwa na usingizi, macho wazi kama samaki. Kitanda chako kikianza tu, 'Bibi, nini hicho?' Niwaambie nini mimi? Nikawa nakohoa. Sauti yangu ifunike yenu, nyie mjifanyie mambo yenu kwa amani. Nilikohoa mpaka mbavu zikaniuma. Nawe kwa wema wako ukawa unaniletea dawa ya kifua."

"Uliinywa!"

"Ilikuwa tamu."

Mkewe alikuwa ameziba mdomo kwa shuka. Mabega yake yalitikisika.

"Halafu siku moja kukawa kimya," mama akaendelea. "Nikasubiri kesho yake, kimya. Nikawa najiandaa kila siku, nimekaa na koo langu tayari, kimya tu. Mwishowe nikaelewa, nikafurahi sana. Nikasema, amekitengeneza kile kitanda. Yule ni fundi bwana, si mtoto wa bure."

Hapo mkewe alishindwa. Kicheko kilimtoka puani, kikamwangusha kando ya mumewe, na tendegu likalia nyii. Fundi naye akaanza, huku akiomba msamaha kwa mgongo wake, maana kila kicheko kilikuwa kisu. Mama mtu aliwatazama kwa mshangao, kisha akatazama kile kitanda, kisha akatazama upande wa ukutani.

"Hukukitengeneza," akasema.

"Sikukitengeneza, Mama."

"Kwa hiyo mlikuwa kimya..." Hakumaliza. Alikaa kidogo juu ya ile fremu ya kitanda cha mtu mmoja, ambayo tangu siku ile ilikuwa imeegeshwa chini ya dirisha, akaushika mkoba wake kwa mikono yote miwili. Kwa muda alionekana mzee. "Wanangu," akasema. "Mngeuliza."

"Tungeuliza vipi, Mama?" Fundi akasema. "Nikufuate asubuhi nikuulize hivi?"

Mama akafikiri. Alikuwa mtu wa haki.

"Hapana," akakubali. "Ningekuchapa."

Akasimama, akajitengeneza kilemba. "Basi mimi nakwenda kwa huyo jirani kunywa chai. Nitamwambia mwanangu anakandwa mgongo. Hataamini, lakini nitakuwa nimemwambia. Nitakaa huko mpaka nichoke, nami mnanijua, kwenye mazungumzo sichoki upesi."

Mlango ukafungwa. Wakasikia sauti yake ikivuka uani, na sauti ya Redio ikimkaribisha kwa furaha isiyo na kifani. Jua la alasiri lilikuwa limeingia hadi katikati ya kitanda, kwenye ile nafasi ya mgeni na mizigo yake.

"Mteja anauliza," mkewe akasema, akiitazama fremu.

Fundi akamgeukia. "Anaulizaje?"

"Anauliza kama akifuta oda, fundi atakasirika."

"Fundi alikuwa anaichelewesha kwa makusudi."

"Mteja alijua. Mbao gani zinakaa na unyevu kiangazi kizima?"

Fundi akaketi polepole, mkono kiunoni. "Zamu yako," akasema. "Bi Mikono alisema aliyekandwa akande."

"Hakusema hivyo."

"Angesema, kama angekuwepo."

Mkewe akatazama dirisha, akatazama jua lilipoangukia. Mkono wake ulikwenda kwenye pazia, kwa mazoea. Kisha ukarudi. Akajilaza chali pale kwenye mwanga, macho ameyafumba kwa nguvu kama mtoto anayesubiri sindano, na akauchukua mkono wa mumewe akauweka mwenyewe tumboni, juu ya kile kitambaa kilichokatwa vibaya.

Fundi alikuwa amepitisha kiganja kile juu ya mbao zaidi ya alivyoweza kukumbuka, akitafuta mafundo na vibanzi. Hapa hakutafuta kitu. Aliuacha mkono ukae.

"Pameshtuka," akasema baada ya muda.

"Basi usipite," mkewe akasema.

Tendegu la upande wa ukutani likaanza kulia, na hakuna aliyekohoa.

*

Kitanda cha mtu mmoja kilikamilika wiki hiyo hiyo, gundi ikishika vizuri na mbao zikiwa kavu kabisa. Fundi alikiongezea miguu mirefu, akakipaka vanishi mara mbili, akampelekea Bi Mikono, ili asiendelee kupiga magoti kwenye mkeka na umri ule. Bi Mikono alikizunguka, akakibonyeza kwa viganja vyote viwili kwa uzito wake wote.

"Hakilii," akasema kwa mshangao.

"Najua kutengeneza kisicholia," Fundi akasema. "Huwa nasahau tu."

Muda si mrefu baadaye, Mwalimu mstaafu alikuja karakana na stuli yake yenye mguu mmoja mbovu. Katikati ya karakana, miguu juu, kilikuwa kitanda kikubwa cha zamani, chaga zake mbili zimekatika katikati. Mwalimu alikitambua, maana alikuwepo kwenye harusi. Akakitazama kitanda, akamtazama Fundi. Kisha, kwa upole, kama mtu anayemvutia mwenzake kiti, akasema:

"Mtoto alikuwa anarukaruka?"

Fundi alikuwa anapiga randa. Aliujua wema wa swali lile. Yeye mwenyewe alikuwa ameutoa kwa mtaa mzima. Ilikuwa rahisi kuupokea. Akaipuliza randa ili vumbi litoke.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Hakuna mtoto."

Akaendelea na kazi yake. Mwalimu aligeuzageuza stuli mikononi. Akatazama nje, kushoto na kulia. Halafu akaiweka chini, akaikalia hivyo hivyo na ubovu wake, akasogea karibu na Fundi, akashusha sauti.

"Huyo mama anayekanda," akasema. "Hivi anakaa nyuma ya stesheni upande gani?"